Aliyeondoka na Aliyebaki: Mhadhiri wa Ng'ambo katika Fasihi Yetu

Wenye vyombo walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa msafiri, kumkumbusha kuwa hata azunguke vipi, mwisho atarudi pale pale alipoanzia. Lakini kwa wasomi wetu waliokwenda kufundisha katika vyuo vikuu vya nchi za mbali, methali haikutimia kwa namna hiyo. Wapo waliorejea wakiwa wazee, wapo ambao hawakurejea, na wapo ambao kilichorejea ni vitabu vyao tu. Makala haya yanakusudia kuvitazama baadhi ya vitabu hivyo na kuuliza swali moja: mwandishi aliyekaa ng'ambo kwa ajili ya kazi anaijuaje nchi anayoiandika, na ni nani anayempa habari zake?

Swali hili huulizwa kwa nadra, kwa kuwa mazungumzo yetu juu ya watu hawa yametawaliwa na hukumu mbili. Ya kwanza ni ya lawama. Wametukimbia, husemwa, wamesomeshwa kwa jasho la mkulima wa karafuu na wa pamba, kisha elimu ile wameipeleka kwa watoto wa wengine. Ya pili ni ya fahari. Wametupeperushia bendera, wametutoa kimasomaso mbele ya ulimwengu. Hukumu hii ya pili ilipata nguvu kubwa mwezi Oktoba 2021, pale Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja na profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Kent, alipotunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Hukumu zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba hazimhitaji mtu kufungua kitabu. Anayelaumu humtazama mwandishi anapoondoka. Anayesifu humtazama anapopokea tuzo. Yale yaliyoandikwa baina ya safari na tuzo hayamo katika mazungumzo.

Kabla ya kuvifungua vitabu, yafaa tukumbuke namna walivyoondoka, maana hawakuondoka kwa njia moja. Gurnah aliondoka Unguja akiwa kijana wa miaka 18 hivi, miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, akatafuta hifadhi Uingereza. Usomi ulimkuta huko huko. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipohamia Chuo Kikuu cha Botswana mwaka 1995. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Unguja, alipata shahada ya udaktari Leipzig, akafundisha Osaka nchini Japani, kisha Bayreuth nchini Ujerumani. Wa kwanza alikimbia. Wawili wengine walikwenda kazini. Tofauti hii si ndogo. Mkimbizi hufungiwa mlango nyuma yake. Mwajiriwa huuacha mlango wazi, na kila mwaka unaopita bila ya yeye kurudi hujiuliza, au huulizwa na jamaa zake, kwa nini hajarudi.

Sababu za kuondoka nazo si siri. Katika miaka ya 1980 thamani ya shilingi ilianguka, na baada ya mapatano ya serikali na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 ilizidi kuanguka. Mshahara wa mhadhiri haukuweza tena kumlisha pamoja na wanawe, sembuse kumnunulia vitabu. Botswana yenye almasi ilikuwa inajenga chuo kikuu chake na kutafuta walimu; Lesotho na Swaziland, ambayo leo ni Eswatini, zilikuwa zikiwatafuta vile vile. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wakaenda kusini. Kwa mtu wa Visiwani jambo hili lilikuwa na uzito zaidi. Unguja na Pemba hazikuwa na chuo kikuu hata kimoja hadi mwishoni mwa miaka ya 1990: Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Kabla ya hapo, mwana wa Visiwani aliyetaka kufundisha chuo kikuu ilimlazimu avuke maji. Kwake yeye hata Dar es Salaam ilikuwa ng'ambo. Anayemuuliza kwa nini aliondoka angepaswa kwanza amwonyeshe kiti ambacho angekikalia lau angebaki.

Tuanze na Kezilahabi, kwa kuwa juu yake kuna maoni yaliyokwisha kuzoeleka ambayo tarehe zenyewe zinayakanusha. Husemwa kuwa ng'ambo ndiko kulikomfanya aandike kwa mafumbo na kuachana na msomaji wa kawaida. Ushahidi unaotolewa ni Nagona na Mzingile, riwaya fupi mbili ambazo hazina msuko wa kawaida, wala wakati wake hauhesabiki kwa saa na kalenda. Lakini Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, zote mbili Dar es Salaam, mwandishi akiwa angali anafundisha Mlimani. Ni kweli kuwa alikuwa amekwisha kusoma Marekani, alikopata udaktari mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison. Walakini kusoma nje na kufanya kazi nje si jambo moja. Aliyezitoa riwaya hizo alikuwa akiingia darasani kila wiki mbele ya wanafunzi wa Kitanzania, na wao ndio waliokuwa wasomaji wake wa kwanza. Kitabu alichokitoa akiwa Botswana ni Dhifa (2008), diwani ya mashairi huru inayoendeleza njia aliyoifungua katika Kichomi (1974) na Karibu Ndani (1988). Ugumu wa Kezilahabi, basi, haukuletwa na Gaborone. Tunapomtupia lawama mwajiri wa kigeni kwa ugumu uliozaliwa hapa hapa, tunajiepusha na kazi ya kuusoma.

Zaidi ya hayo, masafa yaliyopo baina ya msomi na kwao Kezilahabi aliyaandika miaka zaidi ya 20 kabla ya yeye mwenyewe kuhama. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini kwa wazazi wake. Hakwenda Ulaya wala Marekani; yumo ndani ya nchi yake. Hata hivyo elimu imekwisha kumtenga. Yale wanayoyaamini wazazi wake yeye hayaamini tena, na yale anayoyaamini yeye hana maneno ya kuwaelezea. Mwisho wake ni kujiua. Riwaya hii huorodheshwa mara kwa mara chini ya falsafa ya udhanaishi, na kuorodheshwa huko kuna haki yake. Lakini ndani yake mna habari nyingine iliyo wazi zaidi. Umbali wa kwanza baina ya msomi na kwao ulianzia darasani. Meli na ndege ziliuongeza tu.

Kwa Said Ahmed Mohamed hali ni tofauti, maana kwake mtu anaweza kuziweka riwaya mbili ubavu kwa ubavu na kuona kilichobadilika. Utengano ilitoka mwaka 1980. Humo tunaingizwa ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi, mkubwa mwenye jina mbele za watu, anayemfungia ndani mkewe Tamima na bintiye Maimuna. Uovu wa mwanasiasa huyu hatuujui kwanza kwa hotuba zake. Tunaujua kwa namna nyumba inavyoendeshwa: nani anaruhusiwa kuingia, nani anaruhusiwa kutoka, na ni nani anayethubutu kunyanyua sauti. Mwandishi anasikia hata minong'ono. Maimuna anapotoka katika nyumba hiyo na kuangukia maisha ya ukahaba, tunamfuata kama tunavyomfuata mtoto wa jirani, kwa huruma iliyochanganyika na hofu ya kujua mno.

Babu Alipofufuka ilitoka mwaka 2001, wakati mwandishi akifanya kazi Ujerumani. K, ambaye jina lake limebaki herufi moja tu, ni kigogo anayeishi katika neema. Mzuka wa babu yake aliyekufa zamani unamjia, unamtoa katika starehe zake na kumtembeza ili aione nchi ilivyo na ajione yeye mwenyewe alivyoisaliti. Wahakiki wameitaja mbinu hii kuwa ni uhalisiamazingaombwe, na wamesema kweli, ila hawajasema yote. Tujiulize ni nani huyu Babu. Ni mtu aliyekuwapo, akaondoka, akarejea. Hana cheo cha kupoteza wala kiinua mgongo cha kungojea, kwa hiyo hana anachokiogopa. Anaona yale ambayo waliobaki wameyazoea hata hawayaoni tena. Kila aliyewahi kumpokea bandarini ndugu anayekuja likizo baada ya miaka mingi anamjua mtu huyu. Kabla hajafika nyumbani amekwisha kuuliza kwa nini barabara imekuwa mashimo, kwa nini mti ule umekatwa, kwa nini watu wananyamaza. Maswali yake hutuudhi, na mara nyingi huwa ni ya haki.

Kwa maoni yangu, Said Ahmed Mohamed amempa mfu nafasi yake yeye mwenyewe, nafasi ya mtu aliye mbali. Faida aliyoipata ni uhuru. Riwaya hii inasema juu ya madaraka maneno ambayo ni shida kuyasema mtu anayengojea saini ya mkubwa ili apandishwe daraja. Lakini pana hasara pia, na uhakiki wa heshima haupaswi kuificha. Babu anaonyesha, nasi tunaonyeshwa. Wanyonge waliomo katika safari ile tunawaona zaidi kuliko tunavyowasikia, na sauti zinazotawala ni mbili: ya Babu inayohukumu na ya K inayojitetea. Maimuna alikuwa mtu kwanza, ndipo akawa mfano. Katika Babu Alipofufuka wengi ni mifano kwanza, na wengine hawapati wasaa wa kuwa watu. Sisemi kuwa riwaya ya pili ni dhaifu. Kwa ujasiri wa siasa na wa ubunifu imeizidi ya kwanza. Nasema imeandikwa kutoka mahali pengine, na mahali hapo pameingia ndani ya usimulizi.

Gurnah, kwa upande wake, anaandika kwa Kiingereza, na kwa hiyo wako wanaomtoa kabisa katika hesabu ya fasihi yetu. Mabishano hayo nayaacha wazi. Ninachokitaka kwake ni kitu ambacho wenzake wawili hawakutupa katika vitabu nilivyovitaja: amemchukua mhadhiri wa ng'ambo mwenyewe, akamfanya mhusika, akamkalisha mbele ya mtu wa kwao.

Katika By the Sea, iliyotoka mwaka ule ule wa 2001, mzee aitwaye Saleh Omar anawasili Uingereza kuomba hifadhi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na pasipoti aliyoishika ina jina la mtu mwingine. Wanaomshughulikia wanatafuta mjuzi wa lugha yake, na wanampata Latif Mahmud, mwalimu wa fasihi wa chuo kikuu jijini London, ambaye aliondoka Unguja kijana kwenda kusoma Ujerumani ya Mashariki na hakurudi. Jina ambalo mzee amelichukua ni la baba yake Latif. Na Saleh Omar ndiye aliyeichukua nyumba ya familia ile katika mgogoro wa deni. Msomaji anatarajia kuwa mhadhiri, mwenye kauli, cheo na uraia, ndiye atakayemhoji mkimbizi. Mambo yanageuka. Latif amekaa miaka mingi na kisa kimoja kichwani, kisa cha mtoto aliyetumwa kwenda kudai kimeza cha mpingo akarudi mikono mitupu. Mzee ana kisa kirefu zaidi, chenye hati, madeni, aibu za watu wazima, na miaka ya kifungo iliyofuata. Katika mazungumzo yao msomi anagundua kuwa historia ya nyumba yao wenyewe alikuwa anaijua nusu. Aliyeitwa kuwa mkalimani ndiye anayehitaji kufasiriwa.

Katika Desertion (2005), jina ambalo tungeweza kulieleza kuwa ni kuhama na kutelekeza kwa pamoja, Gurnah anakwenda hatua moja mbele. Msimulizi, Rashid, ni mwana wa Unguja aliyekwenda Uingereza kusoma. Habari za Mapinduzi zikamfikia akiwa huko, naye akabaki na kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Kakake, Amin, alibaki nyumbani, pamoja na mapenzi yake na Jamila ambayo wazazi waliyakataza. Rashid anatusimulia kwa ufasaha mkubwa mapenzi ya kale ya mwaka 1899 baina ya Rehana na Mwingereza Martin Pearce. Kisha, katikati ya kitabu, anakatiza na kukiri kuwa namna wawili hao walivyokaribiana hasa yeye haijui; anaikisia. Baadaye tunapewa maandishi ya Amin mwenyewe. Lugha yake ni fupi na tulivu, na haina mapambo ya msimulizi wa London. Lakini ndiyo inayotupa yale ambayo Rashid asingeweza kuyabuni: siku zinavyopita katika nyumba ambayo mmoja ameondoka, na woga wa mtaani unavyozoeleka. Mhadhiri ana kalamu na wakati. Daftari liko kwa aliyebaki.

Hapa ndipo vitabu hivi vinapokutana, ingawa waandishi wao wametofautiana kwa lugha, nchi na sababu ya kuondoka. Babu anakuja kudai hesabu kwa mjukuu wake. Saleh Omar na Latif wanapekua hesabu ya nyumba moja. Rashid anakiri kuwa hesabu yake ina mapengo na kwamba ya nduguye ndiyo inayoyaziba. Hakuna hata kimoja kati ya vitabu hivi kinachosema kuwa kuondoka ni usaliti mtupu, wala kuwa ni ushindi. Vinasema kuwa aliyeondoka na aliyebaki kila mmoja ana nusu ya habari, na kuwa nusu ya aliyebaki ni vigumu zaidi kuipata kwa sababu hapewi nafasi ya kuisema.

Swali linalofuata ni letu. Je, nusu hiyo tunaiandika? Tazama safari ya vitabu vyenyewe. Utengano, riwaya ya Unguja kwa kila hali, ilichapwa Nairobi. Kitabu kilivuka mpaka kabla mwandishi wake hajawa profesa wa Ulaya. Paradise ya Gurnah ilitoka mwaka 1994, na msomaji wa Kiswahili aliipata mwaka 2022 kwa jina la Peponi, miaka 28 baadaye. Mchapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, lakini mfasiri, Ida Hadjivayanis, naye ni mwalimu wa chuo kikuu jijini London. Hata njia ya kukirejesha kitabu nyumbani ilifunguliwa kutoka nje. Mwenye kutaka tahakiki ndefu za riwaya za Kezilahabi au za Said Ahmed Mohamed ataelekezwa mapema kwenye Swahili Forum, jarida lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1994. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa, tena nyingine imeandikwa kwa Kiswahili safi. Lakini haiwezi kuwa badala ya yetu. Mhakiki wa Bayreuth au wa Napoli anaweza kutueleza muundo wa Babu Alipofufuka kuliko sisi. Hawezi kutueleza jinsi kitabu hicho kinavyosomeka kwa mtu anayepita kila siku katika barabara ambazo Babu anaziulizia.

Madarasani kwetu vitabu hivi hufundishwa kwa orodha: dhamira, wahusika, matumizi ya lugha, mafanikio na kasoro. Mwanafunzi huziweza orodha hizo kwa ajili ya mtihani bila ya kujua kitabu kiliandikwa lini na mwandishi alikuwa anaishi wapi. Ningependa tumpe Utengano na Babu Alipofufuka kwa pamoja, na tumuulize ni katika kipi anawasikia majirani zake, na ni katika kipi anahisi kuwa anatazamwa. Ningependa pia aulizwe kama yeye angeweza kuandika alichokisahau Babu, na alichokinyamazia K. Jibu lake litakuwa uhakiki, hata kama lugha yake bado ni changa.

Kuhusu waandishi waliokwenda kufanya kazi mbali, tusiwangoje kwa hasira wala kwa ngoma. Kezilahabi alifariki dunia mwezi Januari 2020, na alichotuachia kinasomeka pasi na idhini ya mwajiri yeyote. Wengine wangali wanaandika, na watakayoyaandika yataendelea kuwa na macho makali na masikio yenye upungufu, kama ilivyo kwa kila mtu aliye mbali. Upungufu huo hauzibwi na tiketi ya kurudi, kwani Kazimoto alirudi. Unazibwa na kuwapo kwa mtu wa kuzungumza naye, mwenye daftari lake, anayeweza kumwambia aliyerejea: hapa umesema kweli, hapa umesahau, na hapa hukuwapo. Methali inasema marejeo ni ngamani. Haisemi kuwa anayerejea atakuta ngamani hamna mtu.